Kulukulu Kwenye Pombe ya Posa

Asubuhi ile nilitoka Kanazi bila mpango wowote, begi mgongoni, kamera shingoni na harufu ya pombe kwenye shati langu pekee lenye kola, na kama mtu angeniuliza naenda wapi ningemjibu kwamba naenda popote ambapo hakuna ndugu yangu, hakuna ndizi mbivu na hakuna mzee mwenye simu kubwa. Haya ninayoyasimulia ni aibu tupu, nakubali, na nayasimulia mwenyewe kwa sababu nyumbani yanasimuliwa kila siku na kila anayesimulia anaongeza ndege.

Naitwa Mutalemwa, Muta kwa wanaonipenda na “yule” kwa wengine. Shule niliiacha mapema (au yenyewe iliniacha, tusibishane), na tangu hapo nimezunguka sana, nimepakia samaki, nimechoma matofali, nimeuza vocha, nimemshikia taa mpiga picha wa harusi mjini Bukoba mpaka nilipogundua kwamba kilichokuwa kinanivutia si taa bali kamera. Nikajinunulia ya mtumba, yenye lenzi ndefu iliyoota ukungu pembeni, nikarudi kwa Shangazi Paskazia kule Kanazi kupumzika wiki moja, na wiki hiyo ilipokuwa bado inaendelea kahawa ikavunwa, ikaanikwa, ikauzwa, ikaanza kuchanua tena.

Sikuwa nimekaa bure. Nilikuwa napiga picha ndege wa pale pale nyumbani. Hamuwezi kuamini jinsi kibanja kimoja cha migomba kinavyobeba ndege: kuna chozi wanaoning'inia kwenye maua ya mgomba wakinyonya utamu, kuna kwarara wanaotembea uani polepole kama maofisa waliotumwa kukagua kitu wasichokijua, kuna tipitipi anayelia mvua ikikaribia na mara nyingine anatudanganya. Nilikuwa najilaza chini ya mibuni, nimejifunika majani makavu ya mgomba, nasubiri. Wanawake wa jirani waliokuwa wakikata njia kwenda kisimani walishapiga kelele mara kadhaa baada ya kuona rundo la majani likipiga chafya, kwa hiyo msimamo wa kijiji kuhusu akili zangu ulikuwa unajulikana.

Mume wa Shangazi, ambaye mimi namwita Tata Kamugisha, alijaribu kunielewa. Siku moja alichuchumaa karibu na rundo langu.

“Muta, ukishampiga picha unamfanyaje?”

“Namwangalia, Tata.”

“Si yupo pale? Mwangalie.”

Nikajifunika majani zaidi.

Ila aliyekuwa ananikosesha raha ni kulukulu mmoja aliyekuwa akikaa juu kabisa ya mkuyu ulioko kwenye kona ya kibanja. Ni ndege mkubwa, mwili wa zambarau iliyokolea, mdomo wa njano, kishungi chekundu kichwani, na akiruka mbawa zinafunguka nyekundu, nyekundu kweli, utadhani ameficha kitenge ndani ya koti. Nilimsikia kila siku, na kila siku picha niliyoipata ilikuwa ya majani ya mkuyu na kitu kama kiwiko cha ndege. Hakuwa akishuka. Alikuwa na kila kitu huko juu, ashuke kufuata nini?

Sasa mshikilieni huyo ndege hapo juu nimlete Deo.

Deo ni mtoto wa kiume wa pekee wa Shangazi, anaotesha miche ya kahawa, kijana mtulivu kuliko mimi kwa mbali, na alikuwa anamtaka Koku wa kijiji cha Maruku, na Koku alikuwa anamtaka yeye. Shida ilikuwa kwa baba yake Koku. Mara ya kwanza tulipokwenda kujitambulisha, mshenga wetu alisimama mbele za watu akalisahau jina la babu wa upande wa wenyeji, akabuni la kwake, na baba yake Koku akatufungia mazungumzo kwa kusema hawezi kumtoa binti kwa watu wa mzaha. Baadaye Koku alilia, mama yake akalia, tukapewa nafasi ya pili. Ya tatu isingekuwepo, hilo lilijulikana mpaka gulioni, maana kulikuwa na bwana mmoja wa benki huko Dar es Salaam ambaye alishaanza kutuma salamu zake na gari la salamu hizo lilikuwa kubwa.

Na huku kwetu posa inakwenda na rubisi, pombe ya ndizi, na lazima iwe imetengenezwa nyumbani kwa muoaji, kwa sababu wenyeji wakiionja wanaonja nyumba nzima: usafi wenu, subira yenu, mnavyoelewana. Tata Kamugisha alizivundika ndizi kwa mkono wake, zikaiva vizuri, akazimenya, akazimwaga ndani ya mtumbwi (ni gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi, na mtumbwi ndivyo tunavyoliita ingawa halijawahi kuliona ziwa), yeye na majirani wakazikanyaga na nyasi asubuhi nzima hadi juisi ikatoka, wakachanganya unga wa mtama uliokaangwa, kisha wakaufunika mtumbwi wote kwa majani mabichi ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, mpaka hata sisimizi angeomba njia.

“Muta,” Tata akaniita, akifuta jasho, “wewe huna kazi.”

“Ndiyo, Tata.”

“Leo unayo. Kaa hapa. Fukuza kuku, fukuza mbuzi, fukuza na hao ndugu zako wenye mbawa. Na jani hata moja lisiguswe mpaka kesho asubuhi. Pombe iliyofunikwa ni kuku anayeatamia. Ukimwinua uchungulie, mayai umeshayaua. Umenisikia?”

“Nimesikia, Tata.”

Yeye akaenda kujinyoosha, Shangazi na Deo walikuwa wameshaondoka kwenda Bukoba mjini kutafuta viatu, nikabaki mimi, mtumbwi, na kamera ambayo, nawaapia, niliileta kwa mazoea tu.

Nia yangu ilibaki njema kwa muda wa kutosha kumaliza muwa. Halafu kulukulu akalia. Nikamtazama juu ya mkuyu, nikautazama mtumbwi, nikamtazama tena (na hapa ndipo wanaonisikiliza huanza kushika vichwa), nikawaza kwamba huyu ni mla matunda, na mimi nimekalia shimo zima la utamu wa ndizi ambalo limezibwa harufu isimfikie. Nikikunja jani moja tu. Kona tu. Nipige, nifunike. Nani ataumia?

Nikakunja jani. Halikuwa moja, kwa kweli, maana chini ya jani kulikuwa na jani.

Nikajificha kwenye mibuni. Wakaja nyigu kwanza. Wakaja chozi, nikawapiga. Wakaja kwera, wale wa njano wasioweza kwenda mahali bila ukoo mzima, wakajipanga kwenye ukingo wa mtumbwi, mmoja akaingia, akatikisa mbawa, akaona panafaa, na kabla sijaamua kama niwafukuze au niwapige wote walikuwa ndani wanaoga kama watoto waliotoroka shule. Nilinyanyuka niwafukuze. Ndipo mkuyu ukatikisika, na yeye akashuka.

Akatua kwenye ukingo wa mtumbwi mbele yangu kabisa, kwenye mwanga, na mimi niliyekuwa nimenyanyuka nikaganda nusu, goti moja chini kama mtu anayechumbia. Akanywa. Akainua kichwa. Akanywa tena. Akafungua zile mbawa zote mbili, na kamera ikalia mfululizo, na sikusikia kitu kingine duniani.

Alipoondoka nilikwenda mtumbwini nikaopoa manyoya niliyoyaona, nikafunika upya kwa majani mengine juu ya yale ya mwanzo, nikarudi kukaa pale pale kama mlinzi wa benki. Na kama ningeishia hapo, leo labda ningekuwa naandika kitu kingine. Ila mtu aliyepata kitu kizuri ana njaa ya ajabu ya kuonekana. Tunalo kundi la ukoo kwenye simu, linaitwa Familia Moja, na humo ndani mimi nilikuwa natajwa kwenye maombi tu. Nikaiwasha kamera, nikakipiga picha kile kioo chake kidogo kwa simu, kulukulu katandaza mbawa, nikatuma, nikaandika chini yake: “Nyumbani kwetu Kanazi, leo.”

Mioyo ilimiminika. Binamu aliyeko Mwanza, ambaye hajanisalimu tangu anunue gari, akaandika kwamba alijua siku zote nina kipaji. Deo, akiwa bado dukani anajaribu viatu, akaandika: “Hongera kaka! Namtumia Koku aone kwetu kulivyo kuzuri.” Nami nikamjibu, kwa vidole vya mtu maarufu, kwamba amtumie tu.

Asubuhi Tata alifunua mtumbwi, akainama, akanusa.

“Mbona imelala?”

“Baridi ya usiku, Tata.”

Alinusa tena, lakini gari lilikuwa linasubiri na kina mama walishaanza kuimba, akaijaza kwenye vibuyu, akaviziba kwa majani, tukaondoka.

Maruku walitupokea vizuri. Turubai, viti, mikeka, kikapu cha kahawa ya kutafuna kikapita mkono kwa mkono, salamu za “kasinge waitu” huku na huku, mshenga wetu mpya akayataja majina yote ya mababu bila kukosea na nikamwona Deo akishusha mabega. Nilikaa mstari wa pili na kamera yangu, na vijana wa pale walikuwa wananinyooshea vidole, nikafurahi, nikajua picha imefika.

Ilikuwa imefika kweli.

Kwa desturi, aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya wenyeji, ili ionekane hakuwaletea mabaya. Tata Kamugisha akakichukua kibuyu, na kabla hakijafika mdomoni mzee mmoja wa upande wao akanyanyua mkono. Huyu ni Mzee Leonsi, baba mdogo wake Koku, mwalimu mstaafu, miwani iko kwenye paji la uso na simu yake ni kubwa kama sahani ya kanisani ya sadaka.

“Ngojeni kidogo, waitu. Kuna jambo la picha.” Akashusha miwani. “Hii imepigwa wapi?”

Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasimama. “Kwetu Kanazi, mzee. Niliipiga mimi.”

“Hongera sana. Ndege gani huyu?”

“Kulukulu, mzee. Huwa hashuki chini hovyo. Ni bahati kubwa kumpata hivi.”

“Naona. Sasa amekalia nini?”

Hapo nikaukumbuka mtumbwi. Kwenye kioo cha kamera, na baadaye kwenye kisimu changu kilichopasuka, sikuwa nimeona kitu zaidi ya ndege.

“Amekalia mti, mzee.”

“Mti,” Mzee Leonsi akakubali. “Mti wenye pombe ndani. Na hawa wadogo wa njano wanaooga nyuma yake, nao wako mtini?” Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaikuza tena, akamgeuzia simu baba yake Koku, kisha akaizungusha kwa wageni wote kama daktari anayeonyesha ugonjwa. “Na hiki kitone cheupe, hiki hapa chini ya mkia, ambacho kimeshatoka na hakijafika. Kinakwenda kufikia wapi?”

Hata waliokuwa wanatafuna kahawa waliacha. Halafu sauti ya mama mmoja kutoka jikoni: “Kinafikia kwenye posa!”

Turubai lilitikisika kwa kicheko. Mshenga wetu alijifunika uso kwa kofia. Deo hakucheka, alikuwa anaangalia viatu vyake vipya. Na baba yake Koku pia hakucheka, na huyo ndiye niliyekuwa namwogopa.

“Desturi ni desturi,” akasema taratibu. “Aliyeleta anaonja.” Tata Kamugisha akakiinua tena kibuyu, mzee wa watu, na baba yake Koku akatikisa kichwa. “Si wewe, waitu. Mpe huyo fundi.”

Tata akanipa kibuyu bila kunitazama. Nikanywa. Jamani, pombe ilikuwa imekufa kweli, haikuwa juisi na haikuwa rubisi, ilikuwa kama uji uliosahaulika, na nilipokishusha kibuyu nilisikia kitu kinanitekenya mdomoni, nikakitoa kwa vidole mbele ya watu wote. Unyoya. Wa njano.

“Endelea,” akasema baba yake Koku. “Ndege alikunywa zaidi ya hapo.”

Nikaendelea. Sijui kama ni pombe, au ni hofu, au ni kile kitone, lakini nilikuwa bado na kibuyu mkononi tumbo langu lilipotoa hotuba ndefu ambayo hata mstari wa nyuma waliisikia. Nikajibana. Likaongeza. Mshenga wetu alikuwa anaanza kuomba radhi kwa maneno mazuri sana, nikamkatiza, sikuwa na namna.

“Mzee, samahani. Choo kiko wapi?”

Mzee Leonsi alinitazama juu ya miwani.

“Kwani ndege wako aliuliza?”

Basi. Hapo ndipo baba yake Koku alipocheka. Alicheka mpaka akashika kiti cha jirani, akacheka mpaka machozi, na mimi nilikimbia nyuma ya nyumba nikisindikizwa na ukoo mzima wa Maruku ukipiga makofi, na mwanamke mmoja akinielekeza njia kwa mwiko wa ugali.

Hukumu niliisikilizia chooni, kwa sababu choo kilikuwa cha mabati na baba yake Koku ana sauti ya mtu wa kwaya.

“Kijana Deo sina tatizo naye, mtu hachagui binamu,” akasema. “Hii pombe irudi ilikotoka. Vundikeni ndizi nyingine, mje na pombe iliyofunikwa, nitaipokea, na huyo wa benki nitamjibu mimi. Ila nina sharti. Mnapoitengeneza, yule mwenye kamera asiwe Kanazi. Asiwe mahali popote anapoweza kuinusa.”

“Tumekubali!” upande wetu wakajibu kwa pamoja. Sijawahi kuuona ukoo wetu ukielewana kwa kasi namna ile. Hata mahari ilikuwa haijazungumzwa, na mimi nilikuwa nimeshatolewa.

Njiani Deo alikaa pembeni yangu. Nilimwomba msamaha, na tulipoikaribia Kanazi akasema, “Picha ni nzuri, kaka. Hiyo ndiyo inayonifanya nitamani kukupiga.” Na kesho yake alfajiri Shangazi alinifungia ndizi za kuchemsha kwenye jani, akanifunga kifungo cha kola, akanipangusa bega ambalo halikuwa na vumbi.

“Si kwamba tunakufukuza, mwanangu. Ila Tata ameshazikata ndizi.”

Nilitembea mpaka barabara kuu. Nikiwa nasubiri nilifungua simu na kukuta picha ya kundi la Familia Moja imebadilishwa, wameweka kulukulu wangu, amekatwa vizuri mtumbwi usionekane. Jina la mpigaji nalo halikuonekana. Likapita Fuso lenye makreti matupu ya samaki, likasimama.

“Unaelekea wapi?” dereva akauliza.

“Wewe je?”

“Muleba, kwenye mwalo.”

“Na mimi.”

Safari nzima nilikuwa najiapiza. Sikuapa kuacha ndege, hilo siwezi na nisingewadanganya. Niliapa kwamba sitampiga picha tena ndege yeyote kabla sijaangalia amekalia cha nani. Na kwamba nikiambiwa nilinde kitu, nitalinda, hata ashuke ndege wa dhahabu.

Mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nilielekezwa kwa mama mmoja anayepangisha vyumba kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki. Nilimkuta uwanjani, amezungukwa na dagaa walioanikwa kwenye nyavu mpaka karibu na maji. Alinipima kwa macho, begi, shati, kola.

“Chumba kipo, baba. Ngoja nikafuate ufunguo.” Akaniwekea fimbo mkononi. “Nikiwa huko nifukuzie hawa ndege, wananimaliza.”

Nilitaka kurudi barabarani. Badala yake nikaitoa kamera shingoni, nikaitia begini, nikafunga zipu, nikalikalia begi. Yangeyange wakashuka, nikawafukuza. Mwewe akapiga mbizi, nikapiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. Halafu akaja mdiria, yule wa madoa meusi na meupe, akatua kwenye mti wa kufungia mitumbwi, karibu nami kuliko yule kulukulu alivyowahi kuwa, jua likimpiga ubavuni, samaki bado anachezacheza mdomoni. Alimpigiza samaki kwenye mti huku na huku. Akammeza. Akakaa. Nami nikakaa, nimelibana begi chini yangu kwa mikono miwili.

Mama akarudi, akawatazama dagaa wake, akaridhika, kisha akamwona.

“Na yule pale mbona hujamfukuza?”

“Yule haibi dagaa wa kuanika, mama. Yeye anataka samaki hai, wa majini.”

Akanigeukia, ufunguo bado mkononi mwake.

“Kumbe unawajua ndege?”

“Hapana, mama,” nikasema, nikiupokea ufunguo. “Simjui hata mmoja.”